Zanzibar Ipo Hapo Hapo na Mvua Yake
Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wakaguzi wa usalama wa ndege,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Dar es Salaam.

Yah: Uwanja mbadala na mafuta ya ndege za abiria pwani ya kaskazini

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nawaandikia kutoka Maramba, wilayani Mkinga. Siku hizi mimi ni mkulima wa machungwa, lakini kabla ya machungwa nilikaa miaka kwenye dawati la mipango ya safari la kampuni moja ya ndege ndogo jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za hali ya hewa, kupiga hesabu za mafuta na uzito, kujaza fomu ya mpango wa safari na kuifikisha kunakohusika kabla ndege haijaondoka. Kwa hiyo barua hii si malalamiko ya mtu mwenye woga wa ndege. Ni ombi kuhusu kisanduku kimoja katika fomu ile, cha 16, panapoandikwa uwanja wa kwenda, muda wa safari na uwanja mbadala.

Naomba jina linaloandikwa pale kama mbadala liwe la uwanja ambao ndege inaweza kufika na kutua siku ile, saa ile, kwa mafuta yaliyomo. Kwa safari za kati ya Dar es Salaam, Zanzibar, Pemba na Tanga wakati wa masika, jina nililozoea kuliona dawatini lilikuwa la kujazia nafasi.

Kwa kuwa barua ni ya wazi, na itasomwa na watu ambao ndege wanaijua kwa tiketi tu, nyinyi wa fani mnivumilie nieleze kidogo.

Abiria wengi huamini kwamba ndege hujazwa mafuta mpaka shingoni kabla ya kuruka. Haijazwi. Hutiwa mafuta ya safari ile, pamoja na akiba zilizotajwa na kanuni, na pengine nyongeza anayoitaka rubani. Mafuta ni mzigo, na mzigo hula mafuta. Ukanda wetu una ushahidi mchungu wa jambo hili. Tarehe 23 Novemba 1996 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu wakaiteka, wakamtaka rubani Leul Abate awapeleke Australia. Akawaambia mafuta yaliyomo ni ya kufika Nairobi. Hawakumsadiki, kwa maana walishasoma kwamba ndege ya aina ile inaweza kukaa angani saa nyingi bila kutua. Inaweza, ikiwa imejazwa. Ndege ikateremka kusini kuifuata pwani ya Afrika Mashariki, kisha ikageuzwa kuelekea baharini, na mafuta yakaisha karibu na Ngazidja. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na mmoja wao alikuwa Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia dunia nzima ilizijua.

Ule ulikuwa utekaji, na hakuna kanuni ya mafuta inayoandikwa kwa ajili ya watekaji. Nimeutaja ili msomaji ajue kwamba kila safari ina mafuta yake, yamepimwa, na anayeyapima ni mtu mwenye kalamu mezani.

Basi linaloishiwa dizeli katikati ya Mabokweni na Maramba huegeshwa pembeni, utingo akatumwa na galoni. Angani hakuna pembeni. Ndiyo maana Mkataba wa Chicago wa 1944, kupitia Kiambatisho chake cha 6, umeyagawa mafuta mafungu mafungu, na kanuni zetu zikafuata. Kuna ya kutembelea ardhini kabla ya kuruka. Kuna ya safari yenyewe. Juu yake kuna ya tahadhari: asilimia 5 ya mafuta ya safari, na yasipungue ya dakika 5 za kuzunguka. Kisha yanakuja ya kutoka uwanja wa kwanza, ukishindikana, mpaka uwanja mbadala. Mwisho kabisa ni akiba ya mwisho: dakika 30 kwa ndege ya injini ya tabini, ikizunguka futi 1,500 juu ya uwanja, na 45 kwa ya pistoni. Hii akiba ya mwisho haipangiwi matumizi. Rubani akiona kwamba atagusa ardhi akiwa ameshaanza kuila, anatakiwa kutangaza Mayday ya mafuta, hata kama injini zinanguruma vizuri na abiria wamelala.

Sasa tuchukue Caravan, ndege ya injini moja ya tabini ambayo watu wa pwani wameizoea kama daladala. Hula kama lita 190 kwa saa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Pemba ni kilomita 190 hivi, dakika 40. Ukiandika Zanzibar kama uwanja mbadala, kuna kilomita 125 za kurudi kusini, na kwa kujipanga kutua hesabu dakika 30. Jumlisha: 40 za safari, 5 za tahadhari, 30 za kwenda Zanzibar, 30 za akiba ya mwisho. Dakika 105, takribani lita 330, mbali na za kutembelea ardhini. Karatasi imekamilika, sahihi inapigwa, sheria imetimia.

Imetimia kwa masharti kwamba Zanzibar itakuwa wazi.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mizigo imeshapimwa kwenye mzani, abiria wamekaa kwenye mabenchi na maboksi yao ya maembe. Nahodha wa ndege, mtu mzima wa kutoka Pemba mwenyewe, aliomba aongezewe lita 150. Msimamizi wa zamu hakutaka, kwa sababu lita 150 ni kilo 120, na kilo 120 ni abiria mmoja pamoja na mabegi ya mwenzake. Akasema, “Kapteni, ya nini yote hayo? Zanzibar ipo hapo hapo.” Mzee yule akakunja karatasi ya hali ya hewa, akaitia mfukoni, akajibu: “Ipo hapo hapo na mvua yake.” Akapata mafuta yake, abiria mmoja akabaki. Wiki iliyofuata hakuwa kwenye ratiba ya Pemba. Siwezi kuapa kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Dawatini kila mmoja wetu aliamini yanahusiana, na hilo lilitosha kuwafundisha marubani vijana.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, jibu la mzee yule ndilo hoja yangu yote. Mvua ya masika ya pwani si wingu la kupita juu ya mtaa mmoja. Inapokaa, inakaa kutoka mto Rufiji mpaka mto Umba, na visiwa vyote viwili viko ndani yake. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, hata boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Siku ya namna hiyo, kuandika Zanzibar kuwa mbadala wa Pemba, au Dar es Salaam kuwa mbadala wa Zanzibar kwa umbali wa kilomita 70 na ushei, ni kuandika jina la pili la mvua ile ile.

Sisemi Zanzibar ni uwanja mbaya. Una njia ndefu, una taa, una utaratibu wa kutua kwa vyombo, yaani rubani kuongozwa na vyombo vilivyo mbele yake badala ya anachokiona dirishani. Rubani aliyefunzwa vizuri atatua pale katika hali ambayo Pemba hawezi. Lakini hata vyombo vina kiwango: wingu likiteremka chini ya urefu fulani, au macho yakashindwa kuona umbali uliowekwa, lazima apande tena na kuondoka. Aende wapi, ikiwa ameshatumia dakika zake 30 kufika hapo? Zimebaki dakika za akiba ya mwisho, zile zisizopangiwa matumizi.

Yapo mambo matatu ambayo mngeweza kuyafanya, na hakuna hata moja linalohitaji kujenga chochote.

La kwanza limo ndani ya kanuni yenyewe. Waandishi wa Kiambatisho cha 6 waliviona visiwa vilivyo peke yake katikati ya bahari, ambavyo havina uwanja mwingine wa kukimbilia. Wakasema: ndege ya tabini inayokwenda uwanja wa namna hiyo isitaje mbadala wa uongo, bali ibebe mafuta ya kukaa saa mbili juu ya pale inapokwenda, akiba ya mwisho ikiwa ndani ya hizo saa mbili. Mvua nzito huwa hutulia ndani ya saa mbili, hata kama ni kwa dakika kumi. Kijiografia Pemba haiko peke yake. Katika siku ambazo utabiri unaonyesha pwani nzima imefunikwa, iko peke yake kabisa. Naomba mtoe agizo kwamba siku hizo, kampuni isiyoweza kutaja uwanja mbadala ulio nje ya mvua ile, ihesabu Pemba na Tanga kama viwanja vilivyojitenga. Kwa Caravan yetu kutoka Dar es Salaam hesabu inakuwa dakika 165 badala ya 105. Tofauti ni saa moja, lita 190, kilo 150 hivi, abiria mmoja na nusu. Najua hiyo nusu ndiyo itakayopiga kelele kwenye vikao na wenye makampuni.

La pili ni Mombasa. Hapa nawaomba mchukue ramani na rula. Kutoka Tanga mpaka Zanzibar ni kilomita 127 hivi. Kutoka Tanga mpaka uwanja wa Moi, Mombasa, ni kilomita 131. Kutoka Pemba, Zanzibar ni 125 na Mombasa ni 138. Kwa ndege hizo ni tofauti ya dakika chache. Uwanja wa Moi una njia inayozidi kilomita tatu, una vyombo vya kuongoza ndege mpaka chini. Tena katika masika upepo wa kusi unakuwa umeshaanza, na nahodha yeyote wa Moa au Jasini atakwambia kwamba kusi humsukuma mtu kwenda Mombasa na kumzuia kwenda Unguja. Rubani anayekwenda kaskazini ana upepo mgongoni. Na kuna siku Pemba na Unguja zimefungwa lakini Mombasa inapumua, na kuna siku ni kinyume. Sitawadanganya kwamba Mombasa haina mvua. Mei ndiyo mwezi wao mkubwa wa mvua. Ninachosema ni kwamba uamuzi ufuate utabiri wa saa ile, na Mombasa iwemo katika orodha ya kuamuliwa.

Katika miaka yangu dawatini haikuwemo. Sababu haikuwa mafuta wala umbali. Ilikuwa karatasi. Ndege ya safari ya ndani ikitua nchi jirani, kuna uhamiaji, kuna forodha, kuna ada za kutua, kuna abiria kumi na wawili wa Wete na Chake Chake ambao hawakubeba pasipoti kwa sababu walikuwa wanakwenda nyumbani kwao. Mwenye kampuni anaona usumbufu wa siku nzima, kwa hiyo HKMO, alama ya Mombasa kwenye fomu, haiandikwi. Sisi wa Maramba mpaka tunaujua kwa miguu. Horohoro na Lunga Lunga zilikuwa foleni mbili, sasa huduma zimewekwa pamoja na mtu anahudumiwa upande mmoja. Kama lori la saruji limepatiwa utaratibu, ndege iliyokimbia radi haishindikani. Kaeni na wenzenu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na CASSOA kule Entebbe, chombo ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikiunda kwa ajili ya usalama wa anga, muandike ukurasa mmoja: ndege ya ndani iliyogeuzwa na hali ya hewa itue, ijazwe mafuta, abiria wasubiri ukumbini bila kuhesabiwa kuwa wameingia nchi, kisha irudi. Na Wakenya wapate hivyo hivyo Tanga na Zanzibar pale Mombasa na Ukunda zinapofungwa.

Kabla ya la tatu, niseme kuhusu Kilimanjaro, maana najua kuna atakayeuliza kwa nini twende Kenya wakati tuna KIA. Swali zuri. KIA mara nyingi iko kwenye hali ya hewa tofauti na pwani, ina njia ndefu na vyombo. Lakini ukinyoosha uzi kutoka Tanga mpaka KIA, kilomita 290 hivi, uzi huo unapita karibu juu ya paa la nyumba yangu. Baada ya Maramba unaingia Usambara Mashariki, ambako vilele vinagusa mita 1,500, kisha unaikwaruza Usambara Magharibi upande wa Mtae, unaiacha Shengena ya Upareni, yenye karibu mita 2,460, kushoto kwake, ndipo unaipata tambarare ya Moshi. Njia hiyo inapitika vizuri kwa rubani aliyepanga kuipita: amepanda mapema, ana urefu wa kutosha juu ya milima, ana mafuta ya kupanda na ya saa nzima ya kwenda. Haipitiki kwa mtu aliyekuwa chini ya mawingu juu ya Tanga akitafuta uwanja, akaishiwa na chaguo, ndipo akakumbuka KIA. Historia yetu inajua gharama ya milima na mawingu: tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga Mlima Kilimanjaro, na wote 20 waliokuwamo wakafa.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, siku ya gulio, tulikuwa sokoni hapa Maramba na wingu limelala juu ya mlima Mtai hata msitu hauonekani. Tukaisikia Caravan. Sauti ikaja kutoka upande wa Tanga, ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena chini zaidi. Haikuonekana. Wauza ndizi walinyamaza, na mama mmoja wa dagaa akasema, “Hiyo inatafuta tundu.” Baada ya muda ikaondoka kuelekea baharini na hatukusikia jambo baya, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Kama ilikuwa inasafiri kwa vyombo haikupaswa kuwa chini kiasi kile karibu na milima. Basi ilikuwa inaruka kwa macho, katika hali ambayo hakuna wa kuona.

Hapo ndipo kuna ufa mkubwa kuliko wa kisanduku cha 16, na uko kwenye kisanduku cha 8. Pale huandikwa herufi moja: I kwa kuruka kwa vyombo, V kwa kuruka kwa macho, Y kwa anayeanza na vyombo akamalizia kwa macho, Z kwa kinyume chake. Anayeandika V halazimiki kutaja uwanja mbadala. Mchana, dakika 30 juu ya safari zinamtosha. Mnaona mlango ulivyo wazi: ndege ile ile, rubani yule yule, mvua ile ile, lakini ukibadilisha herufi moja unaokoa dakika 30 za mafuta na unapata nafasi ya abiria. Halafu rubani, ili aendelee kuwa wa V kihalali, anabaki chini ya mawingu. Mawingu yakishuka, naye anashuka. Naomba kwa ndege zinazobeba abiria wa kulipa katika ukanda huu, miezi ya masika na vuli, herufi isibadilishe hesabu. Awe wa V au wa I, abebe mafuta ya kwenda mahali pa pili palipo wazi.

La tatu linahusu watu wa mezani, na hili linanigusa kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Katika kisanduku cha 19 rubani huandika mafuta yaliyomo yatadumu saa ngapi na dakika ngapi, watu wangapi wamo, na kama kuna maboya ya kujiokolea. Taarifa hizo kwa kawaida hazirushwi pamoja na mpango kwenda kwenye minara mingine. Hubaki pale ulipowasilishwa, zikisubiri kutafutwa ndege ikipotea. Maana yake ni kwamba mtu pekee nje ya kampuni mwenye nafasi ya kulinganisha muda wa safari na muda wa mafuta kabla ndege haijaondoka ni ofisa anayepokea fomu. Je, anaweza kukataa?

Tarehe 28 Novemba 2016, mjini Santa Cruz de la Sierra nchini Bolivia, ofisa wa namna hiyo, Celia Castedo, alipokea mpango wa ndege ya kukodi ya LaMia iliyokuwa inaipeleka Kolombia timu ya soka ya Chapecoense ya Brazil. Muda wa safari: saa 4 na dakika 22. Muda wa mafuta: saa 4 na dakika 22. Hakuna hata dakika moja ya uwanja mbadala. Kwa maelezo yake mwenyewe alilihoji jambo hilo kwa ofisa wa kampuni, naye akamwambia wataimaliza safari kwa muda mfupi zaidi. Ndege ikaondoka. Ikaishiwa mafuta ikikaribia Medellín, ikaanguka mlimani, watu 71 kati ya 77 wakafa, akiwemo ofisa aliyemjibu. Mama yule alikimbilia Brazil kuomba hifadhi. Kila ninapoifikiria fomu ile najiona nimekaa upande wake wa meza. Kosa limeandikwa kwa tarakimu, waziwazi, na mwenye kuliona anaishia kuuliza.

Wapeni maofisa wenu mamlaka ya kusema hapana, kwa maandishi, bila kusubiri simu kutoka juu. Na mlindeni rubani kwa namna hiyo hiyo. Kampuni itunze kumbukumbu ya kila ombi la mafuta ya ziada na jibu lililotolewa, na mkaguzi wenu azisome pamoja na ratiba ya zamu ya wiki inayofuata. Ratiba husema mengi ambayo barua za ofisini hazisemi.

Rubani mwenyewe naye afundishwe kusema. Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York. Marubani wake walipoulizwa uwanja mbadala walijibu kwamba ulikuwa Boston, ila sasa hawawezi kufika, mafuta hayatoshi. Walilitaja tatizo, lakini neno la dharura hawakulitamka, na mwongoza ndege akaendelea na foleni yake. Walijaribu kutua mara moja wakakosa, na kabla ya kujaribu tena injini zikazimika. Watu 73 walikufa kati ya 158. Tangu hapo taratibu za kimataifa zimeweka maneno mawili rasmi. La kwanza, kwamba mafuta yamefikia kiwango cha chini, humaanisha uwanja uliobaki ni mmoja na kucheleweshwa zaidi kunaweza kuigusa akiba ya mwisho. La pili ni Mayday ya mafuta. Kwetu, ambako rubani kijana anamwita mwongoza ndege “mzee” na mwongoza ndege anamwita rubani “kapteni”, heshima inaweza kumfanya mtu aombe pale anapotakiwa kutangaza. Nawaomba muwakutanishe darasani, marubani wa ndege ndogo na waongoza ndege wa Tanga, Pemba na Zanzibar, wayatamke maneno hayo kwa sauti mpaka yawe ya kawaida kama “shikamoo”.

Najua tangu Bukoba mambo mengi yamesemwa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakafa, nchi nzima ilijadili boti za uokoaji, na kwa haki. Sisemi mafuta ndiyo yaliyoiangusha. Ila mjadala wetu ulianzia majini. Mimi nawaomba tuuanzie saa moja kabla ya kuruka, kwenye karatasi, wakati ambapo gharama ya kubadilisha mawazo bado ni lita 190 na abiria mmoja na nusu.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Chukueni mipango yote ya safari za Tanga na Pemba ya Aprili na Mei iliyopita. Wekeni pembeni utabiri na taarifa za hali ya hewa za Mamlaka ya Hali ya Hewa za saa zile zile. Kwa kila safari, ulizeni kama uwanja ulioandikwa kuwa mbadala ulikuwa unatulika wakati ndege ingeufikia. Hesabu mtakayoipata itangazeni, iwe nzuri au mbaya. Mkihitaji mtu wa kusoma fomu, nitakuja kwa nauli yangu, baada ya mavuno. Nitapanda basi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, zamani karani wa mipango ya safari,
Maramba, Mkinga.

Nakala:
Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania
Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya
CASSOA, Entebbe